Linki Niliyosema Imetoka kwa Mwalimu

Kwetu Nambis mtandao haukuingia ndani ya nyumba. Uliishia juu, kwenye jiwe kubwa nyuma ya uwanja wa shule ya msingi, na mtu akitaka kusoma ujumbe wake ilibidi apande, asimame upande wa kulia wa jiwe, uso ukielekea Mbulu mjini. Ukisogea kushoto hatua mbili tu, umeupoteza. Siku za ukungu ndiyo usiseme. Unakaa pale na sweta lako na baridi yako, unatazama kimduara kinazunguka mpaka vidole vinakufa ganzi.

Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, nasubiri nyumbani kama wenzangu. Asubuhi nilipalilia kitunguu saumu na mama, jioni nilipanda kwenye jiwe na simu ya tachi aliyoniachia kaka alipopata nyingine. Ilikuwa na ufa kuanzia kona hadi kona, na herufi zilizoangukia kwenye ufa ilibidi uzikisie. Hata hivyo ilikuwa moja ya simu chache za aina hiyo upande wetu, wengi walikuwa na vitochi, zile simu ndogo za vitufe.

Mimi ni mtu wa aibu. Sisemi hivi ili nihurumiwe, nasema kwa sababu bila hilo mengine hayataeleweka. Sekondari, kule mjini, mwalimu wa taaluma aliwahi kuniuliza swali la Biolojia. Jibu nilikuwa nalo, limeandikwa kwenye daftari mbele yangu, lakini nilisimama nikanyamaza hadi kengele ikalia. "Kaa chini, sanamu," akasema, na darasa zima likacheka. Alikuwa mgeni kwetu, amehamishiwa kutoka mkoa wa mbali, Kiswahili chake kinakwenda haraka, na tangu siku ile nikimwona anakuja nilipita nyuma ya madarasa.

Kwenye simu nilikuwa mtu mwingine. Kwenye grupu la jumuiya yetu ya kanisa niliandika bila kutetemeka. Watu walianza kuniulizia mambo: matokeo yanaangaliwa wapi, fomu ya kitambulisho inapatikanaje, bei ya mbolea imetangazwa wapi. Nilitafuta, nikawatumia linki. Nilijifunza mwenyewe namna ya kuituma ifike ikiwa nzima. Nilijua kwamba ukiikata katikati haina faida, na kwamba ukurasa ulioufungua kwa jina lako na neno lako la siri mwenzako hataukuta. Kila linki niliifungua kwanza kwenye simu ya mwenye duka la kuchaji, nione kama inafunguka kwa mtu asiyekuwa mimi. Chini yake niliandika utakachokikuta ukiifungua, ili mtu asishtuke.

Bodaboda wa pale dukani wakaniita Posta.

"Posta, leo hakuna barua yangu?"

"Ya kwako imerudi Babati, umeandika anwani kwa mguu!"

Mwenye duka akaninakilia linki moja ya matokeo kwenye karatasi, akaibandika ukutani kwa wasio na grupu. Mzee mmoja akaja, akavaa miwani, akabonyeza ile karatasi kwa kidole gumba. Akasubiri. Akabonyeza tena. "Haifunguki," akasema. Tulicheka hadi machozi, na yeye akacheka, akasema kama ni hivyo basi tumpe karatasi yenye bando. Nakumbuka nilikuwa na furaha siku ile. Naiandika hapa kwa sababu baada yake hakuna nyingine ya kuandika.

Sasa nieleze jambo la kwetu. Mtu akija na ujumbe, wa msiba au wa kikao, hasemi kwanza alilokuja nalo. Anasimama nje ya boma, anasalimia, anajibiwa. Kisha mwenye nyumba anauliza, "Umetumwa na nani?" Anataja. Ndipo anaulizwa habari. Baba alinifundisha hivyo nikiwa mdogo, siku niliporudi mbio kutoka kisimani nikisema kuna mtu amekufa. Hakuuliza nani amekufa. Aliuliza nani amesema. Sikujua, nilisikia tu. "Rudi," akasema, "ukamtafute mwenye neno." Nikarudi na ndoo tupu, nikiona aibu mbele ya wanawake wote. Mtu aliyekufa hakuwepo.

Kwa hiyo hata kwenye grupu niliandika hivyo. Kila linki, kabla ya lolote: nimetumwa na mwenyekiti wa kijiji, nimetumwa na bwana shamba. Watu wakiona jina wanafungua. Bila jina hawagusi. Nilidhani hilo ni jambo dogo tu la heshima.

Rafiki yangu tuliketi dawati moja miaka minne. Nyumba yao iko bondeni, chini ya shamba letu. Baba yake hayupo, amebaki na mama yake, na mama yake ana kidonda cha mguu cha siku nyingi. Kila wiki rafiki yangu alimpeleka zahanati, mwishowe muuguzi akamfundisha kukisafisha na kukifunga nyumbani. Alikifunga vizuri kuliko muuguzi mwenyewe, ndivyo mama yake alivyosema. Tangu kidato cha pili hakutaka kitu kingine: uuguzi. Mimi nilikuwa nasubiri kidato cha tano, sina ninachokitaka hasa. Yeye alijua chuo anachokitaka, alijua hata rangi ya sare yao.

Matokeo yalipotoka alikuwa na alama zinazotosha. Alipiga kelele pale kwenye jiwe hadi mbuzi wakakimbia.

Maombi ya chuo yalikuwa ya mtandaoni, na yeye hakuwa na simu. Mama yake alikuja kwetu akichechemea, akasimama nje.

"Hodi wenyewe."

"Karibu, mama. Shikamoo."

"Marahaba, mwanangu. Nimekuja kwako wewe. Huyu mwenzio nani atamjazia hizo fomu zenu za hewani?"

"Mimi, mama."

"Basi mimi nalala usingizi," akasema.

Niliitafuta ile linki kwa siku nne. Ukungu ulikuwa mwingi, ukurasa wa chuo haukufunguka, ukifunguka unaniletea picha ya jengo na hakuna kingine. Siku ya tano, kwenye grupu la waliomaliza shule yetu, mtu nisiyemjua akatuma: maombi ya vyuo vya afya, bonyeza hapa. Ilikuwa imepita mikono mingi, imeandikwa hivyo juu yake. Linki yenyewe ilikuwa fupi, herufi chache zisizo na jina la chuo wala la kitu chochote, huwezi kujua inakupeleka wapi mpaka uende. Nikaifungua. Ikafunguka mara moja. Picha ya jengo lilelile, jina la chuo lilelile, na fomu.

Nilipaswa kumuuliza mwalimu wa taaluma. Ndiye aliyekuwa anashughulikia maombi ya wanafunzi wote, na namba yake nilikuwa nayo. Niliandika, "Shikamoo mwalimu." Nikafuta. Nikaandika tena, nikaongeza, "samahani kwa usumbufu." Nikafuta. Nilimwona kichwani akisoma, akisema sanamu ameanza kuongea. Kwenda mjini kumuuliza uso kwa uso hata sikuwaza. Nilijiambia: imefunguka, ina jina la chuo, nataka nini tena?

Wakaja wote wawili kwenye jiwe jioni ile, mama amefunga mguu kwa kitenge juu ya bandeji, amepanda kile kilima taratibu akishika bega la binti yake. Manyunyu yalikuwa yanaanguka. Alipofika juu alipumua kwanza, kisha akaniuliza swali ambalo nilijua ataniuliza.

"Umetumwa na nani, mwanangu?"

Nikasema, "Mwalimu wa taaluma."

Lilitoka bila shida. Mimi ambaye nashindwa kutaja jina langu mbele ya wageni, hilo lilitoka kama maji.

"Mwalimu," akasema mama. "Haya. Mungu ambariki."

Akavua mtandio wake akautandaza juu ya simu ili isilowe, tukajaza. Jina, namba ya mtihani, shule, alama, simu ya mzazi. Rafiki yangu alisoma kila neno kwa sauti mara mbili. Penye ufa wa kioo aliinamisha kichwa kama anamwangalia mgonjwa. Mwishoni ikatokea HONGERA kwa herufi kubwa za kijani, na chini yake: ili maombi yako yakamilike, tuma linki hii kwa watu kumi.

Hapo nilihisi kitu. Nitasema kweli, nilihisi. Chuo kina shida gani na watu wangu kumi? Nilimtazama rafiki yangu, alikuwa ameshaanza kuhesabu kwa vidole nani tumtumie. Mama yake alikuwa anaomba kimya, midomo inatembea. Nani angesema ngoja kwanza? Ningesema ngoja, angeuliza kwa nini, na ningelazimika kusema kwamba mwalimu sijamuuliza.

Nikatuma kwa watu kumi. Hata kwenye grupu la jumuiya nikaituma. Juu yake nikaandika, nimetumwa na mwalimu wa taaluma.

Tulishuka tukicheka. Rafiki yangu aliteleza kwenye tope akaangukia makalio, mama yake akamwambia, "Nesi mzima, nani atakuokota?"

Baada ya hapo hatukutafuta tena, kwa sababu kitu kilichokwisha hakitafutwi. Wiki tatu. Baadaye nilijua kwamba wiki hizo zote tangazo lilikuwa kwenye ubao wa shule yetu mjini, limeandikwa kwa mkono wa mwalimu huyohuyo: anwani kamili ya ukurasa wa chuo, siku ya mwisho, na maneno kwamba asiyeweza kufungua afike ofisini asaidiwe. Waliofika aliwasaidia. Sisi tulikuwa bondeni tunapalilia, tumeshapongezwa.

Orodha ya waliochaguliwa ilipotoka nilipanda mapema, peke yangu, nikitaka niwe wa kwanza kumpa habari. Nilishuka na jicho kutoka juu hadi chini, jina lake halikuwemo. Nikadhani ni ufa. Nikaisogeza ile orodha mstari kwa mstari ili kila jina lipite nje ya ufa. Nikarudi kwenye linki yetu ile fupi, nikabonyeza. Hakukuwa na jengo wala fomu. Kulikuwa na tangazo la dawa ya kukuza nywele.

Nilikaa pale hadi mvua ikaninyeshea. Nilijaribu kutunga nitakachosema. Nikashuka, nikapita nyumbani kwao kwa mbali, nikaona moshi, nikaenda kwetu. Nikamwambia mama kichwa kinaniuma. Siku mbili sikutoka.

Hawakusubiri niende. Mama yake aliposikia kwa watu kwamba majina yametoka alikwenda mjini mwenyewe, na mguu ule, asubuhi nzima barabarani kwa sababu siku hiyo hakupata bodaboda wa kumpeleka. Alimkuta mwalimu ofisini. Haya nimeyasikia kwa mwanafunzi aliyekuwa anapanga madaftari pale. Mama alisalimia, akamshukuru mwalimu kwa ile linki aliyotutumia, kisha akaomba amwangalizie jina la binti yake limekwama wapi.

"Linki gani, mama?"

"Ile uliyompa yule mwenzake. Yule mkimya."

"Mimi sijampa mtu linki. Mimi nimeandika ubaoni."

Yule mwanafunzi alisema mama alikaa kwenye kiti bila kukaribishwa. Mwalimu aliinuka akamletea maji. Akaangalia kwenye mashine yake, akapiga simu chuoni hapohapo. Maombi yalikuwa yameshafungwa, na jina la binti yake halikuwahi kuingia.

Jioni alifika kwetu. Baba na mama walikuwa ndani, mimi nilikuwa uani napukuchua mahindi kwenye ungo. Alisimama nje ya boma, hakusema hodi. Bandeji ilikuwa imelowa tope na kitu kingine. Nikainuka, nikasema shikamoo, hakuitikia. Maisha yangu yote mtu mzima hajawahi kuacha shikamoo yangu hewani.

"Umetumwa na nani?" akauliza.

Hakupaza sauti. Aliuliza kama siku ile kwenye jiwe, kwa upole, kama bado kuna nafasi ya kuwepo mtu aliyenituma.

"Hakuna aliyenituma, mama."

Akatikisa kichwa polepole. Baba alikuwa ameshatoka, amesimama mlangoni, amesikia. Akamwambia, "Karibu ndani, mama, tuzungumze." Yeye akajibu, "Nimeshapata nililofuata," akageuka. Baba hakunipiga wala hakunigombeza. Alichukua ungo wangu akaendelea kupukuchua mahindi yale mwenyewe, na mimi nimesimama hapo sijui niweke wapi mikono.

Kwenye grupu niliandika kila kitu. Niliandika ni uongo wangu, mwalimu hahusiki, asiyeifungua asiifungue, aliyeitumia wengine awaambie. Wakasoma wote. Mmoja tu alijibu, mwenye duka, akaandika, "Posta, nasi tuliituma Bashay kwa shemeji." Ilikofika kutoka Bashay sijui. Watu kumi, na kila mtu watu wake kumi.

Rafiki yangu sikumwona karibu mwezi. Nilipomwona ilikuwa shambani kwao, anang'oa kitunguu saumu, nami niko upande wetu wa mfereji. Nilisema, "Nisamehe." Akasema, "Nimeshakusamehe, mama alisema nikusamehe." Akaendelea kung'oa. Nikauliza mguu wa mama unaendeleaje. "Umerudi nyuma," akasema. "Ile safari ya mjini."

Mimi nilichaguliwa kidato cha tano. Niliondoka na sanduku, yeye akabaki na jembe.

Niliporudi likizo mwaka uliofuata, maombi ya vyuo yalikuwa yanafunguliwa tena. Nilikwenda mjini. Nilisimama nje ya ofisi ya mwalimu wa taaluma hadi mguu mmoja ukafa ganzi, nikaingia. Sauti ilitoka mbovu, ilikatika katikati, lakini ilitoka. Hakusema sanamu. Aliniandikia anwani ya chuo kwenye karatasi, akaniambia niandike yenyewe nzima, nisitafute njia ya mkato, na niangalie mwanzo wake kama ni jina la chuo kabla ya kujaza chochote. Akanifungulia mbele yangu. "Mwambie mzazi akitaka kuhakikisha aje," akasema. "Jumatano nipo hadi saa sita, baadaye nina kikao."

Nikapanda kwenye jiwe. Nikaijaribu kwenye simu yangu na ya mwenye duka. Nikaituma kwenye grupu, nzima, na chini yake nikaandika: nimemuuliza mwalimu wa taaluma leo ofisini, nimesimama mbele yake, msiponiamini mimi muulizeni yeye, Jumatano yupo hadi saa sita. Alama zikageuka bluu, ndiyo kusema wote wameisoma. Hakuna aliyeandika neno. Mwenye duka alimsomea mama wa rafiki yangu, hilo alinithibitishia.

Jumatano alfajiri nilikuwa nafagia uwanja. Ukungu ulikuwa umelala hadi kwenye miti. Nikasikia fimbo kwanza, kisha nikamwona anapanda kutoka bondeni, amevaa viatu vya kanisani, mguu umefungwa upya, mweupe. Nilijua kazi ya mikono ya nani. Alikuwa anakwenda mjini kuuliza mwenyewe.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba." Hakusimama.

Nilitaka kusema nimsindikize. Nilitaka kusema baba atamtafutia bodaboda, asitembee tena na mguu ule kwa sababu yangu. Alikuwa ameshapita lango letu nilipoweza kusema kimoja tu, kwa sauti iliyonishtua mwenyewe.

"Mama, ana kikao saa sita!"

"Nimeshasomewa," akasema bila kugeuka.

Rafiki yangu alijaza fomu wiki ileile kwa simu ya mwalimu, pale ofisini, mama yake amekaa pembeni. Hakuja kwenye jiwe. Nilirudi shule kabla majina hayajatoka, na kule bwenini haturuhusiwi simu. Nimemwandikia barua ya karatasi kumuuliza kama yumo. Kwenye bahasha, kabla ya anwani, nimeandika jina langu lote.